UZI: Oveni ya kujengea kwenye kabati haifikii joto. Ni themostati, koili, au kipimo kimehama?

#1 KekiKigamboni

Wakuu, salaam. Nina oveni ya umeme ya kujengea kabatini, upana sentimita 60, nobu mbili na saa ya dijitali katikati. Ukiweka 180 kwenye alama ya mistari miwili (moto wa juu na wa chini), keki inapiga kahawia juu ndani ya nusu saa, lakini ukichoma kijiti kinatoka na uji. Mkate unaiva mgongoni, tumboni unabaki mweupe. Kipimajoto cha kuning'iniza, kile cha mshale, kinaonyesha 150 wakati nobu iko 180. Tena oveni ikikaa muda bila kutumika, hasa msimu wa mvua, ukiiwasha ile breka ya kuvuja umeme inaruka mara moja moja.

Fundi aliyeiangalia kasema themostati imekufa, ninunue nyingine. Je, dalili hizi ni za themostati kweli? Na kama ni kipimo tu kimehama, kinarekebishiwa wapi?

#2 FundiJoto

Usinunue kitu bado, mkuu.

Themostati haijui juu wala chini. Inakata na kurudisha umeme wa koili zote ulizochagua kwa pamoja. Ikifa, oveni yote inapoa, au yote inaunguza. Wewe una juu kahawia na chini mweupe. Huo ni ugonjwa wa koili ya chini, au swichi ya kuchagua aina ya moto, au kuna kitu kimelala sakafuni kinazuia joto kupanda. Na breka kuruka kunazidi kunielekeza kwenye koili.

Kuhusu ile 150: balbu ya themostati, kile kijiti chembamba cha chuma kilichobanwa kwenye ukuta wa ndani, kwa kawaida hukaa sehemu ya juu, pembeni. Koili ya juu ikifanya kazi peke yake, joto linajaa dari kwanza, balbu inaridhika na kukata umeme wakati katikati bado kuko nyuma. Kwa hiyo themostati nzima kabisa inaweza kukupa 150 katikati.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, fanya jaribio hili. Zima kila kitu nyumbani, friji nayo ichomoe. Weka oveni kwenye alama ya mstari mmoja wa chini, 200. Nenda kwenye mita ya umeme utazame kile kitaa kinachopepesa. Juu ya mita pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mfano 1000 imp/kWh. Hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawa kwa namba hiyo, unapata kilowati. Koili ya chini huwa na wati 1000 hadi 1300 hivi, kwa hiyo kwenye mita ya 1000 utegemee mipepeso 17 hadi 22 kwa dakika. Ukiona mmoja tu au hamna, basi kinachokula umeme ni taa na feni, koili haipo kazini. Hesabu ndani ya dakika tano za mwanzo, kabla themostati haijakata.

Swali: sakafuni mwa oveni umetandika foili?

#3 NyuziMia

Naongezea kwenye kipimajoto, maana hapo ndipo watu wengi wanarekebisha oveni nzima kwa kufuata kifaa kibovu.

Vile vya mshale vya bei ndogo hudanganya nyuzi 10 hadi 20 bila aibu, na vinachelewa kufuata joto. Bora multimita yenye tundu la waya wa joto wa aina ya K. Ule waya mwembamba unaokuja nao, wenye kitone mwishoni, mara nyingi unavumilia hadi 250, unatosha kwa kazi hii. Uhakiki kwanza: chovya kitone kwenye maji ya barafu iliyosagwa, kisome 0 au karibu yake, kisha kwenye maji yanayotokota. Hapa angalia uko wapi. Dar, Mombasa, Zanzibar maji yanachemka kwa 100. Arusha ni kama 95, Nairobi na Mbeya 94 na kitu. Kila mita 300 za mwinuko zinapunguza karibu nyuzi moja. Aliyeko Nairobi akisoma 94 asiseme kifaa kibovu.

Kile cha mshale usikizamishe, maji yanaingia ndani ya kioo. Kiweke oveni pamoja na waya wa K, kitone kikiwa kando yake, ulinganishe.

Kile cha bunduki ya mwanga mwekundu kiache kabisa. Kinasoma uso wa kitu, hakisomi hewa, na kwenye chuma kinachong'aa kinatoa namba za ajabu.

Sasa kupima. Oveni tupu, toa trei zote, bakiza waya mmoja wa kuwekea vyombo, nafasi ya katikati. Funga kitone kwenye waya huo wa kuwekea vyombo kwa namna ambayo chenyewe kinaelea hewani, hakigusi chuma, katikati kabisa ya chumba. Waya wa K upite pembeni mwa mlango; ni mwembamba, mpira wa mlango unaufunika. Weka 180, moto wa juu na chini, bila feni. Subiri dakika 30 hadi 40 kamili. Taa ya themostati kuzimika mara ya kwanza haimaanishi oveni iko tayari, kwani kuta bado zinakunywa joto, na mzunguko wa kwanza mara nyingi hupita kiasi. Baada ya hapo andika namba ya juu kabisa na ya chini kabisa katika kila mzunguko, mizunguko minne au mitano. Jumlisha ya juu na ya chini, gawa kwa mbili. Hilo ndilo joto la oveni yako.

Mfano: inapanda 195, inashuka 167. Wastani ni 181. Oveni hiyo ni nzima, ingawa mtu akichungulia wakati iko 167 atapiga kelele. Rudia kwa 150 na 220 ili ujue kosa lina umbo gani.

#4 Kikaango

Mnazungusha sana. Kama inakosa 30, si uweke 210 tu maisha yaendelee?

#5 NyuziMia

@Kikaango kama kosa ni la pande zote sawa, sawa kabisa, hiyo ndiyo tiba ya bei rahisi kuliko zote na sina ugomvi nayo. Hapa akiweka 210 atapata keki iliyoungua juu na uji uleule katikati, maana nguvu yote inatoka juu.

#6 MamaBoflo

Wasio na multimita kuna majaribio mawili ya jikoni.

La kwanza, ramani ya mkate. Chukua mkate wa slesi, panga slesi zikifunika waya wote wa katikati, ukutani hadi ukutani. Oveni iwe imepata moto kamili wa 180, ingiza dakika 8 hadi 10. Toa bila kuzichanganya, tazama juu, kisha zipindue utazame chini. Nyuma kumeungua na mbele kweupe: mlango unavuja. Kushoto na kulia tofauti: feni. Juu kahawia na chini hamna kitu: koili ya chini.

La pili, sukari. Sukari nyeupe inayeyuka karibu na 186. Tengeneza vikombe viwili vidogo vya foili, kila kimoja kijiko cha chai cha sukari. Oveni 175, kikombe cha kwanza dakika 15: punje zibaki punje. Pandisha 195, subiri dakika 20 joto litulie, kikombe cha pili dakika 15: iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175 oveni ina moto kupita kiasi, ikigoma kwenye 195 iko chini. Haikupi namba, inakupa upande wa kosa tu. Na usiiache zaidi ya muda huo, sukari ikikaa sana kwenye joto inaanza kulainika na kubadilika rangi hata chini ya 186, utadanganyika.

#7 NyayaTatu

Kabla hamjaenda mbali, pimeni na umeme wenyewe. Nguvu ya koili inafuata mraba wa volti. Koili ya wati 2000 kwa volti 230 inatoa 1510 tu volti zikiwa 200, na kwa 180 inatoa kama 1225. Saa moja usiku mtaa mzima unapika, volti zinashuka, oveni inayopata moto kwa dakika 12 itachukua 20 na zaidi. Themostati nzima itafika 180 mwishowe, ila ukifungua mlango inachelewa kurudi. Kwa hiyo andikeni volti pembeni ya joto mnapopima. Kipimo cha mchana wa volti 232 na cha usiku wa volti 195 si kitu kimoja.

Pia tazama bamba la maelezo, lipo kwenye fremu ukifungua mlango. Likisema 3000 W hiyo ni ampea 13 kamili kwa volti 230, yaani plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13 inafanya kazi ukingoni muda wote. Nimeshika plagi nyingi za namna hiyo zilizogeuka kahawia. Oveni ya kuanzia hapo ipewe laini yake kutoka kwenye mbao ya breka: waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya 16 au 20, na swichi yake ya kuzimia mahali unapofikia bila kuvuta oveni. Oveni pacha ya vyumba viwili inahitaji zaidi, soma bamba. Waya wa kuongezea usitumike kabisa. Na kile kifaa cha kulinda friji kiache kwenye friji, hakikutengenezwa kubeba mzigo huu.

#8 KekiKigamboni

Asanteni wote. Majibu:

Mita ni ya 1000. Moto wa chini peke yake: mipepeso miwili kwa dakika. Moto wa juu peke yake: 15 kwa dakika. Volti 228 mchana.

Foili ipo sakafuni, imetandikwa kuzuia mafuta.

#9 FundiJoto

Basi kesi imekaribia kufungwa. Mipepeso miwili ni wati 120, hapo ni taa na feni ya kupoza na ubishi wa kuhesabu. Koili ya chini haivuti umeme. Ya juu 900, sawa.

Foili itoe leo. Kwenye oveni nyingi za kujengea koili ya chini imefichwa chini ya sakafu ya enameli. Ukitandika foili unarudisha joto chini, koili inaishi ndani ya moto wake mwenyewe hadi inapasuka, enameli inapata nyufa, na chakula kinakosa moto wa chini. Mafuta yanadakwa na trei iliyowekwa nafasi ya chini kabisa kwenye reli zake, si juu ya sakafu.

Kufungua sasa. Zima breka ya oveni, siyo nobu tu, na uhakikishe kwa testa kwenye viunganishi vyenyewe kwamba hakuna umeme. Fungua mlango, kwenye fremu za pembeni utaona skrubu mbili au nne zinazoshika kabati. Oveni ina kilo 30 hadi 40, muwe watu wawili, na meza au stuli imara ya urefu sawa mbele yake. Ukitaka wepesi, toa mlango kwanza: fungua wazi kabisa, inua vile vikufuli vidogo vya bawaba pande zote mbili, funga mlango nusu, unyanyue. Usiguse bawaba zikiwa na springi wazi bila kufunga vikufuli. Zinabana kidole vibaya.

Toa bati la nyuma. Miisho ya koili ya chini inatokea chini nyuma, ya juu inatokea juu, na ile ya duara inayozunguka feni (kama ipo) katikati. Piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa. Chomoa waya mmoja wa koili, weka mita kwenye ohmu. Kwa volti 230 tegemea hivi:

wati 900: ohmu 59
wati 1100: ohmu 48
wati 1200: ohmu 44
wati 1800: ohmu 29
wati 2000: ohmu 26
wati 2500: ohmu 21

Kupishana kwa asilimia tano hadi kumi si kitu. Mita isiposoma kabisa, koili imekatika. Ikisoma vizuri, basi tatizo liko kwenye swichi ya kuchagua au waya uliolegea. Tafuta kiunganishi kilichobadilika rangi.

Halafu chomoa na waya wa pili wa koili, pima kati ya mwisho wa koili na bodi ya chuma (mwili wa oveni). Hapo mita isisome chochote. Ikisoma, ndiyo breka yako.

#10 MzeeWaTesta

Kwenye hiyo ya breka niongeze neno, maana pwani yote ina tatizo hili.

Ndani ya koili, kati ya waya unaopata moto na ganda la chuma, kuna unga wa magnesiamu oksidi. Unga huo unapenda unyevu. Oveni ikilala wiki kadhaa kwenye hewa ya bahari unyevu unaingia kupitia miisho, umeme unavuja kwenda kwenye ganda, na breka ya miliampea 30 inaruka. Koili ambayo ni nzima ila ina unyevu inaweza kukaushwa: washa koili nyingine, moto wa juu au wa feni, kwa nyuzi 100 hadi 120 saa moja, ndipo ujaribu ile inayorusha. Ikipona, iwashe hata mara moja kwa wiki msimu wa mvua.

Multimita ya kawaida inaweza isione uvujaji kwa sababu inapima kwa volti chache. Fundi mwenye mega (kipima uvujaji) ya volti 500 apime koili hadi bodi ya chuma. Zaidi ya megaohmu 1 ni salama kuendelea, chini ya hapo kausha upime tena. Isipopanda, badilisha.

Kuna mafundi "wanatibu" kwa kukata waya wa ethi wa oveni ili breka iache kuruka. Hapo breka inanyamaza kwa sababu umeme unaovuja umekosa njia, unasubiri mkono wa mtu kwenye mpini wa mlango. Fundi akipendekeza hivyo mlipe nauli aende.

#11 BintiWaTanga

Samahani kuingilia. Yangu baada ya umeme kukatika na kurudi, taa inawaka, feni inazunguka, moto hamna kabisa. Saa inapepesa. Nayo ni koili?

#12 FundiJoto

@BintiWaTanga hapana, dada, hiyo ni saa. Oveni nyingi zenye saa ya dijitali hazitoi moto mpaka saa iwekwe au oveni itolewe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe. Tafuta kitufe chenye alama ya mkono, au bonyeza vile viwili vya katikati kwa pamoja sekunde mbili tatu, neno au alama ya "AUTO" ipotee. Kisha weka saa. Zenye kipima muda cha kuzungusha: geuza hadi kwenye alama ya mkono. Kama kuna alama ya ufunguo, hiyo ni kufuli ya watoto, shikilia kitufe chake. Na iliyotoka dukani ikiwa mpya, inawaka taa zote bila joto, huenda imebaki kwenye hali ya maonyesho. Kitabu chake kinaeleza namna ya kuitoa.

#13 SeremalaKabati

Hapa mafundi umeme mnasahau kabati. Tundu la oveni ya sentimita 60 linatakiwa kuwa na upana wa milimita 560, kimo karibu 600, kina kisichopungua 550, na mgongo wa kabati utolewe. Naona makabati mengi yamezibwa nyuma kwa mdf ili yapendeze. Feni ya kupoza inavuta hewa na kuisukuma mbele kupitia upenyo ulio kati ya mlango na paneli ya nobu. Ukiziba nyuma, feni inazungusha hewa moto ileile. Matokeo: oveni inafanya kazi dakika 40, inazimika yenyewe, ikipoa inarudi. Watu wanabadilisha themostati, wanabadilisha bodi ya kielektroniki, kumbe ni themostati ya usalama inafanya kazi yake.

#14 MzeeWaTesta

Kweli kabisa. Kile kidude cha usalama ni kisahani kidogo chenye nyaya mbili, nyuma au juu ya bati. Vingine vinajirudisha, vingine vina kitufe kidogo cha kubonyeza. Kikikata tafuta sababu, usikiunganishe moja kwa moja. Mbali na kabati, sababu ya kawaida ni feni ya kupoza kukwama kwa vumbi na mafuta. Na feni ikiendelea kuzunguka baada ya kuzima oveni si ubovu, iache. Wanaozima kwenye soketi ili inyamaze ndio wanaochemsha bodi.

#15 Mswahili_Houston

Niko Marekani, oveni ya ukutani ya vitufe, nyuzi za Farenheiti. Inapitiliza kama 20. Huku nako ni kufungua nyuma?

#16 NyuziMia

@Mswahili_Houston hapana, huko ni kazi ya vidole tu. Oveni nyingi za huko zina marekebisho ndani ya menyu ya mipangilio au kwa kushikilia kitufe cha "Bake" sekunde kadhaa, unaongeza au kupunguza hadi nyuzi 30 au 35 za Farenheiti kutegemea mtengenezaji. Fuata kitabu cha modeli yako. Pima kwanza kwa wastani wa mizunguko kama nilivyoeleza, kwenye 350, ambayo ni 177 ya kwetu. Kama inapitiliza 20, weka -20, pima upya. Marekebisho hayo kwa kawaida hayagusi moto wa juu wa kuchomea wala usafishaji wa joto kali.

Ikipotoka zaidi ya 35, usiifukuze kwa menyu. Pima sensa: ni kijiti kinachochomoza kwenye ukuta wa nyuma, skrubu mbili. Nyingi ni za platinamu, zinasoma karibu ohmu 1,080 hadi 1,100 kwenye joto la chumba, na 1,650 hadi 1,680 hivi kwa 350. Ikisoma tofauti sana, badilisha sensa, ni rahisi kuliko bodi.

Na kama unafikiria kuipakia kwenye kontena uje nayo nyumbani, iache huko. Inataka laini mbili za moto zenye 240 kati yao na 120 kwa kila moja hadi nyutro. Kwetu tuna moto mmoja na nyutro. Taa, feni na bodi za 120 zitapokea 230.

#17 KekiKigamboni

Mrejesho. Koili ya chini haisomi kabisa mwisho hadi mwisho, na mwisho mmoja hadi kwenye bodi ya chuma ulisoma kilo-ohmu 6. Imebadilishwa kwa ya wati 1100, ohmu 48. Breka imetulia.

Vipimo baada ya hapo, waya wa K uliohakikiwa kwenye maji, katikati, wastani wa mizunguko minne, volti 226 hadi 230:

nobu 150: juu 158, chini 130, wastani 144
nobu 180: juu 188, chini 158, wastani 173
nobu 220: juu 228, chini 196, wastani 212

Karatasi ikibanwa mlangoni inashika vizuri pande tatu, ila kona ya juu kulia inatoka bila kuvutika. Je, sasa nirekebishe themostati?

#18 MzeeWaTesta

Kilo-ohmu 6: volti 230 gawa kwa 6,000 ni kama miliampea 38. Breka ya 30 isingekuwa na namna.

#19 FundiJoto

Kazi safi. Themostati iache.

Soma namba zako: makosa ni 6, 7, 8. Karibu sawa kote, yanaongezeka kidogo joto likipanda. Kuongezeka huko ndiko hiyo kona ya mpira inayovuja, moto ukizidi na uvujaji unazidi. Vuta mpira taratibu, una vikulabu vya waya kwenye kona, kimoja kimetoka au kimevunjika. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, urudishe kikulabu kwenye tundu. Kama mpira umekuwa mgumu kama plastiki, badilisha wote, ukitazama ni wa pande tatu au nne. Baada ya hapo nategemea 180 ikupe 175 au zaidi. Themostati za kapilari (ule mrija mwembamba unaotoka kwenye balbu) kupotoka nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Tofauti kati ya juu na chini kwako ni 28 hadi 32, nayo inakubalika. Ingevuka 40 ningekuambia tazama balbu: imefunikwa na mafuta, au imechomoka kwenye vishikio vyake.

Kwa atakayekuwa na kosa la 15 au zaidi, lililo sawa kwenye joto zote tatu, marekebisho ni haya. Chomoa nobu. Themostati nyingine zina skrubu ndogo ndani ya shimo la mhimili, nyingine ina skrubu kwenye mwili iliyofungwa kwa tone la rangi. Zima breka. Weka alama ya wino pale skrubu ilipo. Geuza sehemu moja ya nane ya mzunguko, isizidi hapo. Rudisha umeme, subiri, pima mizunguko minne. Kila modeli ina upande wake wa kupandisha, kwa hiyo kipimo cha kwanza ndicho kinachokuambia umegeuza kwenda wapi. Ukimaliza funga kwa tone la rangi ya kucha. Kisha lazima upime na nobu ikiwa mwisho kabisa, maana ukipandisha 20 umepandisha na kilele, na themostati ya usalama inaweza kuanza kukata.

Binafsi kwa kosa la chini ya 15 nabandika alama mpya kwenye paneli. Skrubu hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mtumiaji na zingine zikiguswa hazitulii tena.

#20 Kikaango

Na kama themostati imekufa kweli inaonekanaje?

#21 FundiJoto

Oveni haiachi kupanda. Kapilari ikipasuka mafuta ya ndani yanatoka, hakuna kinachosukuma kiunganishi kifunguke, joto linapanda hadi themostati ya usalama ikate. Au kinyume chake: viunganishi vimeungua, umeme haupiti kabisa kwenye moto wowote, wakati taa na feni vinafanya kazi na saa imewekwa sawa. Zungusha nobu ukisikiliza. Kwenye baridi isipotoa "tik" yoyote kutoka sifuri hadi mwisho, ipime kwa ohmu.

#22 NyayaTatu

Ukienda kuinunua nenda na ile ya zamani mkononi. Yanayotakiwa kulingana: kiwango cha mwisho cha joto (250 na nyingine 280 na kitu, ukichanganya nobu yako itadanganya), urefu wa kapilari, unene na urefu wa balbu ili iingie kwenye vishikio, umbo na urefu wa mhimili ili nobu ikae, idadi ya viunganishi, na ampea 16 kwa volti 250. Kapilari usiikunje kona kali, izungushe kwa duara pana, na isiguse viunganishi vya umeme nyuma.

Nyaya utakazobadilisha huko nyuma ziwe za silikoni au za nyuzi za kioo. Waya wa plastiki wa kawaida wa nyumbani umetengenezwa kwa nyuzi 70, nyuma ya oveni utayeyuka. Viunganishi vibanwe kwa koleo lake hasa. Vya kubanwa kwa plaizi vinalegea, vinapata moto, na vinakula waya hadi ukatike.